Namna ya Kumpika Beki Tatu wa Filamu

Wadogo zangu mnaopiga vichekesho kwa simu hapa Mbamba Bay, mapishi haya ni yenu. Mwamba wa kupigia picha mnao, ziwa la bure lipo nyuma yake, rafiki wa kuvaa suti ya kuazima awe baba mwenye nyumba amepatikana, na dada wa jirani amekubali kujifunga kanga kifuani, kushika ufagio na kuongea Kiswahili cha kujikwaa. Huyo wa mwisho ndiye beki tatu, na ndiye mnayempika vibaya. Kila mara anatoka mbichi au ameungua.

Mahitaji ni haya: binti mmoja, jina lake kamili, kijiji alikotoka, mshahara wake kwa tarakimu, na jambo moja analolijua kuliko kila mtu aliyemo katika ile nyumba. Kanga na ufagio mtatia mwishoni, kama chumvi.

Anzieni kituo cha basi, msianzie jikoni. Hausigeli wa filamu huwa ameshafika: mlango unafunguliwa, yumo, anasugua sufuria, utadhani alijengwa pamoja na nyumba. Wa kwetu hakuja hivyo. Aliamka usiku kuwahi gari la Songea. Mama yake alimfungia dagaa wa kukaanga na unga wa muhogo, akamkaza fundo la kanga kama vile bado ni mtoto wa kupelekwa kliniki. Gari likapanda milima ya Umatengo kuelekea Mbinga, ziwa likawa linachungulia kila kona mpaka likapotea. Mbele yake kuna Songea, Njombe, Makambako, halafu Dar es Salaam ambako hamjui mtu ila sauti aliyoisikia kwenye simu. Mpeni dakika moja ya dirisha la basi. Mtazamaji aliyemwona akigeuza shingo kutafuta maji, baadaye akimwona anahangaika na jiko la gesi, atamwombea asiungue.

Wajapani nao wana beki tatu wao, na dunia nzima inawasifu kwa kumpika. Mtaa wa Akihabara, Tokyo, tangu ulipofunguliwa mkahawa wa Cure Maid Café mwaka 2001, mtumishi wa ndani amekuwa nyota. Amevaa gauni jeusi, aproni nyeupe yenye marinda na kilemba kidogo cha lesi. Katika mikahawa ya namna hiyo mteja akiingia hupokelewa kwa maneno yenye maana ya "karibu tena nyumbani, bwana," kisha huletewa wali uliofunikwa kwa kimanda, juu yake umechorwa moyo kwa sosi ya nyanya. Yumo kwenye katuni, kwenye michezo ya kompyuta, kwenye vitabu vya picha. Mwaka 2002 Kaoru Mori alianza kuchapisha hadithi ya Emma, mtumishi wa London ya enzi za Malkia Victoria anayependana na kijana wa familia tajiri, na Uingereza ya enzi hizo ndiko lilikotoka lile gauni. Japani yenyewe ilikuwa na watumishi wengi wa ndani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Siku hizi nyumba ya Kijapani yenye mtumishi anayelala humo humo ni adimu. Kwa hiyo yule wa mkahawani hamkumbushi mteja mtu yeyote aliyewahi kumfulia shuka. Amebaki vazi na salamu, na vazi linachezewa bila kumuumiza aliyelivua zamani.

Ninyi nafasi hiyo hamna, kwa sababu beki tatu wenu yuko chumba cha pili.

Niliwahi kukaa wiki mbili kwa jamaa mjini Songea. Usiku mmoja tulikuwa sebuleni, kichekesho kinaendelea kwenye televisheni: hausigeli amekoroga sabuni ya unga kwenye uji akidhani ni maziwa, baba mwenye nyumba anatoa povu mdomoni. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nikageuka kuomba maji. Binti wa kazi alikuwa amesimama mlangoni, bega limeegemea fremu, sahani ya maembe mkononi, anatazama. Hakuketi, maana hakuna aliyemwambia aketi. Alicheka kidogo, pamoja nasi, kisha akainamia ile sahani kama aliyeona nywele ndani yake. Maji aliniletea kwa kupiga goti. Watoto wa nyumba ile walimwita "dada", neno lile lile wanalomwitia dada yao wa tumbo moja, na kwa wiki mbili sikulisikia jina lake. Nami sikuuliza. Mpaka leo linaniuma.

Huyo wa mlangoni ndiye mtazamaji wenu. Mpikieni yeye.

Mpeni mhusika wenu jambo analolijua. Binti wa Liuli au Lituhi amekulia majini. Anapiga kasia, anajua dagaa waanikwe wapi wasile mchanga, na samaki anamsoma kwa jicho. Mpelekeni sokoni Dar na mama mwenye nyumba mwenye miwani mikubwa, anayepatana bei kwa sauti ya juu. Muuzaji anasifia samaki aliyelala kwenye barafu wiki nzima. Binti ananyanyua shavu la samaki kwa kidole kimoja, anachungulia, analiachia. "Huyu hapana, mama." Basi, kichekesho kimeiva, na aliyechekesha ni muuzaji.

Kwamba upishi huu unalipa, Nairobi wameshaonyesha. Kipindi cha Auntie Boss! kiliwaweka wafanyakazi wa ndani katikati, wakawa na mashoga, na umbea, na maoni yao kuhusu mabosi, na Nyce Wanjeri aliyemwigiza Shiru akapata tuzo ya Africa Magic ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho mwaka 2018. Watu walicheka sana. Hakuna aliyedai arudishiwe yule wa sabuni kwenye uji.

Mshahara uwe kwenye skripti. Hapa Tanzania, amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Ile iliyoanza Januari 2023 ikakifikisha 60,000. Mwandishi asiyejua mhusika wake analipwa ngapi hawezi kujua kwa nini anahesabu sarafu usiku. Na kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, pigeni picha Jumapili yake. Binti amevaa viatu, ametoka. Baba anafungua makabati yote akitafuta sukari. Mama anapuliza mkaa mpaka kope zinajaa majivu. Mtoto analia anataka uji "kama wa dada". Kwenye mpira namba 3 ni beki wa kushoto: akiwa uwanjani hatajwi, akitoka mabao yanapitia upande wake. Hiyo peke yake ni filamu nzima, na sijaona aliyeipiga.

Kuna kiungo kimoja nawakataza. Yule binti anayemtega baba mwenye nyumba. Mwenye ufunguo wa chumba anacholala binti ni nani? Mwenye kumlipa ni nani? Mkikitaka kisa hicho, kiandikeni kwa jina lake halisi, na kamera imtazame mwenye ufunguo. Mkimwandika binti kuwa ndiye mtegaji, mnamkabidhi kila baba wa namna hiyo kisingizio chake, na mama zetu wanaendelea kuwafukuza mabinti usiku.

Gari la Songea linaondoka mapema. Nendeni stendi na simu yenye chaji. Mkimwona binti mwenye mfuko mmoja na mama yake pembeni, msiwashe kamera kwanza. Salimieni, muulizeni jina lake, mwombeni ruhusa. Akikataa, mtakieni safari njema na mumbebee mfuko.