Usiniambie Ni Nzuri, Niambie Inaisha Lini

Kuna maswali mawili ambayo mtu mwenye akili hayaulizi mbele ya kijiwe cha bodaboda mjini Busia. La kwanza ni mgombea yupi anafaa. La pili ni anime gani nzuri ya kuanzia. Swali la kwanza litakuletea matusi, la pili litakuletea flashi. Matusi huisha jioni.

Mimi nina duka Buhehe, upande wa Uganda, mahali ambapo shilingi za nchi mbili hukaa katika droo moja bila kugombana. Ni mtu mzima. Wasichana wadogo wakija kununua chumvi huniamkia wamepiga magoti. Kwa mtu wa daraja hilo, kutazama katuni saa tatu usiku ni jambo linalohitaji maelezo. Maelezo ni mpwa wangu, anayesoma Tororo na kuja kwetu likizo. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mjomba, hii si katuni, ni anime." Nikamuuliza tofauti yake. Akasema kwenye katuni watu hawafi. Nikaona kumbe ni jambo la watu wazima.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mpwa wangu alisema Naruto. Kijana wa kuchaji simu pale senta alisema One Piece, na akaniangalia kwa huruma niliposema sijaisikia. Mwendesha boda anayeniletea mikate alisema Dragon Ball, ila niruke GT, nisiguse Super kabla ya Z, na nikiwa na haraka nitazame Kai, ambayo ni Z iliyopunguzwa maneno. Maelekezo yote hayo aliyatoa bila kuzima pikipiki. Ningemuuliza njia ya kwenda Majanji, angeninyooshea kidole tu.

Hakuna aliyeniuliza nina muda kiasi gani. Ikabidi nipige hesabu mwenyewe, na hesabu ndiyo kazi yangu. Naruto ya kwanza ina sehemu 220. Inayofuata, Shippuden, ina 500. Jumla 720, kila moja kama dakika 23, yaani saa 276, sawa na siku 11 na nusu bila kulala, bila kula na bila kuuza hata kibiriti. One Piece ilianza kuonyeshwa Oktoba 1999 na imevuka sehemu 1,100; hiyo inakula zaidi ya siku 17. Nilipolalamika, mpwa wangu akanituliza: "Mjomba, vumilia. Ikifika sehemu ya mia hivi ndipo inaponoga." Fundi akikuambia paa lake litaanza kuzuia mvua mwaka wa tatu, utampa kazi?

Kisha nikaambiwa siri nyingine. Hadithi ya Naruto ni ya Masashi Kishimoto, aliyekuwa akiichora na kuitoa kurasa chache kila wiki. Runinga ikawa inamfikia mgongoni. Watengenezaji hawakutaka kusimama, wakabuni visa vyao vya pembeni ili bwana yule apate nafasi ya kuchora. Ndiyo maana mwishoni mwa Naruto ya kwanza kuna karibu sehemu 80 ambazo mashabiki wenyewe wanakushauri uziruke. Yaani mwaka 2006 Wajapani walikuwa wanasubiri, na mimi leo natakiwa nikasubiri pamoja nao, kwa umeme wangu wa sola.

Hata hivyo nilianza, kwa sababu flashi ilikuwa imeshalipiwa. Busia kuna vijana wa kuweka filamu: unawapa flashi na pesa, unazunguka sokoni, ukirudi unakuta imejaa. Niliomba Naruto kuanzia mwanzo, nikapewa Naruto kuanzia mwanzo. Tatizo ni kwamba runinga yangu haikusoma hesabu. Inapanga faili kwa kutazama tarakimu ya mbele. Baada ya sehemu ya 1 ilicheza ya 10. Baada ya 10 ikacheza 100, ikaendelea hadi 109, kisha ikarudi 11 kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulikuwa tunatazama na mama yangu, watoto, na bibi mmoja wa jirani ambaye sote tunamwita Kukhu. Kukhu alikuwa ameshakubali kwamba kijiji cha Naruto kinaongozwa na mama mwenye nywele za dhahabu na hasira za karibu. Baadaye sana ikafika zamu ya sehemu ya 2, na humo akatokea kiongozi mzee, Hokage wa tatu, ambaye kwa mujibu wa tuliyokwisha kuyaona alikuwa marehemu. Yuko hai, anavuta kiko. Kukhu akainuka. Kwao, alisema, mzee aliyezikwa akirudi kuvuta kiko, watu hawaketi kumtazama, wanatafuta jogoo. Akataka kujua ukoo ule umekosea wapi. Nikamwambia kosa ni la runinga. Akasema ndivyo wanavyosema wote.

Mama na Kukhu hawasomi Kiingereza cha maandishi ya chini, kwa hiyo kutafsiri kukawa juu yangu. Uganda kazi hii ina wakuu wake. Katika vibanda vya video, akina VJ Jingo wamezimimina filamu za ng'ambo kwa Kiganda miaka mingi, na utani wao juu. Upande wa Kenya DJ Afro amezifanya za Kiswahili. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu. Hata katika filamu ile ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, watu wengi humkumbuka VJ Emmie anavyopiga kelele kuliko wanavyomkumbuka Kapteni mwenyewe. Nilidhani ni kazi ya mdomo. Ni kazi ya mapafu. Shujaa wa anime akitaka kupiga ngumi, kwanza anaitaja ngumi yenyewe kwa jina, halafu anaeleza inavyofanya kazi, halafu anamkumbuka mwalimu wake wa zamani siku ya mvua. Adui anasubiri kwa adabu. Mimi nakimbizana na maandishi hadi jasho linanitoka, kisha nasema, "Anasema atampiga."

"Yote hayo?" anauliza Kukhu.

Lugha yenyewe haikutushtua. Magari yetu mengi ni Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuletwa huku, na ukiyawasha baadhi yake, mwanamke asiyeonekana hukuambia kwa Kijapani kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao. Dereva mmoja wa njia ya Busia humjibu, "Sawa, mama," kila asubuhi, na kuondoa gari.

Baada ya mambo ya kiko, nikabadilisha swali. Nikaacha kuuliza ipi nzuri. Nikawa nauliza inaisha lini. Vijana hawalipendi swali hili. Wanaliona la mtu aliyekuja harusini na kuuliza basi la kurudi. Lakini lilifanya kazi: niliwekewa Death Note ya mwaka 2006, sehemu 37, na faili zimeandikwa 01, 02, 03, kama watu waliolelewa vizuri.

Kisa chake kinaingia haraka. Mwanafunzi anaokota daftari jeusi. Akiandika humo jina la mtu ambaye sura yake anaijua, mtu huyo moyo unasimama baada ya sekunde 40. Tuliitazama mlango wazi kwa sababu ya joto, na Buhehe mlango wazi ni tiketi. Walijaa wateja wangu wote. Sasa, mikopo ya dukani kwangu naiandika katika kaunta buku lenye jalada jeusi.

Asubuhi moja mteja wa siku zote akaomba sukari ya mkopo. Nikashika kalamu. Akaushika mkono wangu.

"Mzee, usiniandike."

"Nisipokuandika nitakumbukaje?"

"Hutakumbuka. Nalipa."

Akalipa taslimu, noti ambayo haikuwa imewahi kuonekana mkononi mwake. Habari zikaenea. Mmoja aliyehamia ng'ambo, Kenya, kwa sababu ambazo sasa zimekuwa wazi, alituma deni lake lote kwa simu pamoja na gharama ya kutolea. Mwingine akaniomba, kama ni lazima kuandika, nimwandike kwa jina la shemeji yake. Kwa muda nilimwona Mjapani aliyeitunga hadithi ile kuwa ndiye afisa mikopo bora niliyewahi kuwa naye. Lakini hakuna aliyekopa tena, na huku kwetu duka lisilokopesha halina wateja hadi mavuno. Nikanunua kaunta buku lenye jalada jekundu, biashara ikarudi, na madeni yakarudi nayo.

Nikaona hata 37 ni nyingi. Nikaomba kitu kinachoisha usiku mmoja. Yule kijana wa flashi akaniwekea Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, dakika 89, akisema ni ya watoto wawili. Hilo ni kweli. Ni Seita na mdogo wake Setsuko, Kobe imechomwa kwa mabomu mwaka 1945, na chakula hakuna. Huko Japani, Aprili 1988, filamu hii ilitolewa pamoja na My Neighbor Totoro, yenye dubwana la manyoya lililo na roho nzuri, kwa tiketi moja, ili mtazamaji alie na kufurahi kwa pesa ile ile. Mimi niliwekewa nusu ya kulia tu.

Mama alianza. Watoto wakafuata. Kukhu, aliyewazika watu wa kweli wengi, akaangua kile kilio cha kweli chenye jina la marehemu ndani yake. Na kwetu kilio cha usiku hakina faragha. Filamu haijaisha, wanawake wawili wa jirani wako mlangoni, mmoja ameshajifunga leso kiunoni, mwingine amebeba kigoda.

"Ni nani?"

"Mtoto," akasema Mama.

"Wa nani?"

"Wa Japani. Mwaka 1945."

Yule wa kigoda akakiweka chini taratibu, akakikalia, akasema, "Na mbona mmechelewa kutuambia?" Wakaomba irudishwe nyuma waone alivyougua. Tulimlilia Setsuko mara ya pili, safari hii kwa chai, na mchango mdogo ukachangwa kabla sijaweza kueleza upelekwe wapi.

Iliyofuata ilikuwa Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001, iliyopata Oscar mwaka 2003. Saa mbili hivi, mtoto hafi. Wazazi wa Chihiro wanakuta vyakula vimepangwa kwenye kibanda kisicho na mwenyewe, wanakula bila kuuliza, wanageuka nguruwe. Mama akapiga makofi. Amekuwa akiniambia hivyo hivyo tangu nikiwa na meno ya maziwa. Ila Busia hii nguruwe si mzaha, ni karo ya shule. Mjadala ukaondoka kwa Chihiro ukahamia zizini. Mmoja akakadiria kilo. Mwingine akasema nguruwe wengi namna ile wakikaa zizi moja, homa ikiingia wamekwisha. Huku nyuma mtoto wa watu anasugua sakafu katika nyumba ya kuogea miungu na hakuna anayemtazama.

Mwisho wa filamu yule mchawi, Yubaba, anawapanga nguruwe mstari mmoja na kumwambia Chihiro awachague wazazi wake. Kabla mtoto hajafungua mdomo, Kukhu alikuwa ameshatoa hukumu: "Hawamo. Wale walikuwa wanene zaidi." Chihiro naye akasema hawamo. Tangu usiku ule hakuna anayembishia Kukhu kuhusu anime, nami filamu mpya siichukui kwa kijana yeyote kabla Kukhu hajaipima.

Kwa hiyo wewe uliye mgeni kama mimi, ushauri wangu ni mfupi. Usiulize ipi bora. Watakutajia ile wanayoipenda wao, na mapenzi ya watu hayana mwisho. Uliza inaisha lini, faili zimepangwaje, na nani atakuwa ameketi karibu nawe. Ukitaka kuchungulia, kuna Cowboy Bebop ya 1998, sehemu 26 basi. Ukipata nguvu, Fullmetal Alchemist: Brotherhood ya 2009 ina 64 na hadithi inafungwa. Kitu kifupi hakizuii ajali. Kitakuletea waombolezaji na wakaguzi wa nguruwe vile vile. Ila ajali yake inaisha siku hiyo hiyo, na kesho unafungua duka.

One Piece naijua thamani yake. Mwaka 2025 bendera yake, fuvu lenye kofia ya majani, ilipeperushwa na vijana walioandamana Nepal na Madagaska, kwa hiyo siwezi kusema ni mchezo wa watoto. Lakini Eiichiro Oda alianza kuichora mwaka 1997 na hajamaliza. Nimemwambia kijana wa kuchaji simu kwamba siku Oda atakapoweka kalamu chini, aje kunigongea hata usiku wa manane, tutaanza papo hapo. Akaniuliza kama siogopi kuzeeka nikisubiri. Nikafungua kaunta buku jekundu, ukurasa wa kwanza, deni la sukari nililolihamisha kutoka kwenye lile jeusi.

"Soma jina," nikamwambia.

Akasoma. Ni la baba yake.

"Kwenu nyinyi, mwanangu, mimi nimeshazoea kusubiri."