Karanga za Sukari: Majibu kwa Walioungua, Walionatiwa na Waliokopwa

Karanga za sukari ni karanga mbichi, zikiwa bado na ngozi yake nyekundu, zilizopikwa katika maji ya sukari mpaka maji yaishe na sukari izivae. Mtaji wake ni mdogo, vyombo vyake vimo katika kila nyumba, na mahali penye wachimbaji hazikosi mlaji, kwa kuwa kazi ya duara, yaani shimo la dhahabu, haina saa ya chakula. Malalamiko yaliyotoka Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, na vijiji vya jirani yamepangwa hapa kwa kufuata hatua za mapishi, si kwa wingi wa machozi.

La kwanza ni la mkwe na mama mkwe. Mke wa nyumba analalamika kwamba mama mkwe hutandika mkeka uani mchana kweupe, mbele ya majirani, akazichambua upya karanga zilizokwisha kununuliwa, kisha zilizokunjamana na zenye ukungu akawatupia kuku. Katika kuchambua, mama mkwe ana haki yote. Karanga zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kunyauka ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na moto wa jikoni hauimalizi. Sumu hiyo hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Katika suala la kuku, mama mkwe amekosea: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, na ndipo wataalamu walipoanza kuichunguza. Karanga mbovu zifukiwe. Mkeka unaweza kuhamishiwa nyuma ya nyumba.

La pili ni la chombo. Mume ana kikaango kizito cha chuma anachokitumia kuchomea dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, na mke anauliza kama kikisuguliwa vizuri kwa majivu kitafaa kwa karanga. Hakifai, hata kikisuguliwa mwaka mzima. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 hivi, hupanda kama mvuke usioonekana, kisha hutua kwenye chombo, kuta na nguo zilizoanikwa karibu. Hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huathirika zaidi. Kikaango hicho na jiko lake la mkaa vikae mbali na chakula, na uchomaji wenyewe uhamishwe mbali na makazi. Hili ndilo jibu pekee katika safu hii lisilo na mzaha.

La tatu, ambalo wengi wamelileta, ni la sukari kugeuka mchanga. Vikombe 2 vya karanga, kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji huwekwa pamoja kwenye sufuria pana, moto ukiwa wa wastani, na mwiko hautoki mkononi. Maji huchemka, hupungua, mapovu huwa mazito na ya polepole. Kisha, ghafla, kila kitu hukauka na kuwa vumbi jeupe. Mama mmoja wa Nyijundu alipofika hapo alimwaga sufuria nzima na kumtangaza jirani yake kuwa ana kijicho. Kijicho hakigandishi sukari; kukoroga ndiko kunakogandisha. Sukari iliyobanwa katika maji machache haitulii, na mwiko ukiitibua hurudi kuwa chembe, zikaishika kila karanga. Mapishi yamefika nusu tu. Moto hupunguzwa, mwiko huendelea kugeuza kutoka chini, na chembe zinazogusa sufuria huanza kuyeyuka tena, safari hii bila maji, zikawa kahawia na kung'aa. Sehemu kubwa ikishang'aa, sufuria huepuliwa, kwa sababu joto lililomo huendelea kupika. Jirani wa Nyijundu anastahili kuombwa radhi, na sahani moja ya karanga itatosha.

Wapo wanaokamulia ndimu wakiamini inaleta ladha. Asidi huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, chembe hazijiundi, na kinachopatikana ni bamba moja gumu. Hiyo ni kashata, na si vibaya, ila muuzaji asilalamike kwamba karanga zimegoma kuachana. Anayeonja zikiwa motoni huungua vibaya kuliko kwa maji ya moto, kwa kuwa sukari hunata kwenye ngozi. Dawa ya kwanza ni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwenye meno.

Kunata baada ya siku mbili ni tatizo la mvua. Sukari hunyonya unyevu wa hewa, na katika ukanda huu mvua huanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Mei. Karanga hutandazwa kwenye sinia na kutenganishwa zikiwa bado za moto, huachwa zipoe kabisa, kisha hufungwa mahali pasipopitisha hewa. Zikifungwa na joto, hutoa jasho zenyewe.

Binti wa Bukwimba anauliza kama karanga hizi zitamrudisha mchumba aliyekwenda machimbo ya Nyarugusu. Zikikauka na kufungwa vizuri hudumu wiki mbili au tatu. Mchumba aliyenyamaza muda mrefu kuliko huo atumiwe ujumbe wa simu, na karanga ziuzwe.

La mwisho ni la mkopo. Kijana anayezungusha karanga machimboni anasema wateja huahidi kulipa machimbo yakitema dhahabu. Dhahabu haina tarehe ya kutoka, kwa hiyo ahadi hiyo haina tarehe ya kulipwa. Karanga ziuzwe kwa fedha taslimu. Anayelazimika kukopesha awakopeshe mama lishe na wenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, ambao kesho watakutwa palepale. Mchimbaji akisikia kuna rashi mpya, yaani mahali papya watu wanapokimbilia dhahabu, huondoka usiku huohuo, na deni lake lihesabiwe kuwa sadaka.