Namna ya Kufunika Ukuta Ambao Hujaupiga Plasta

Uzio umekwisha, na hela nayo imekwisha. Tofali za saruji ziko wazi, udongo wa kujengea umechuruzika na kukaukia kwenye maungio, na kila apitaye barabarani anaisoma hali ya mfuko wako bila kukuuliza. Fundi atakwambia ununue saruji na mchanga. Achana naye. Nenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, ukatafute mmea wa kutambaa. Mwenye ukuta mtupu ameishiwa. Mwenye ukuta uliofunikwa na maua anapenda mazingira.

1. Chagua kwa macho ya jirani.

Kusema kweli, boga ndilo lingekufaa. Linatambaa mbio, majani yake ni mboga, na halidai ujuzi wowote. Usithubutu. Mtaa mzima utajua mna njaa. Dodoki nalo lina kasi, na likikaukia juu unapata la kuogea, ila ukilipanda getini wageni watauliza kama mama mkwe amehamia. Upo pia ule mmea wa vijani vidogo unaojibandika wenyewe ukutani. Unapendeza sana, lakini siku ukiung'oa unaacha vizizi vyake kwenye tofali, kwa hiyo unamfaa mtu aliyekwisha kukata tamaa ya plasta. Kama ndiye wewe, panda, na usisome zaidi.

Sisi wengine tunachukua bogonvilia. Rangi yake inaonekana tangu kituo cha daladala, na miiba yake inakupunguzia gharama ya mlinzi.

2. Nunua iliyokwisha kuchanua.

Kupanda mche mdogo na kuusubiri ni kazi ya wastaafu. Wewe una sendoff ya binti Jumamosi. Ijumaa jioni nunua mche mrefu wenye maua, uufukie pamoja na mfuko wake mweusi wa nailoni. Wanaojua huuchana mfuko taratibu na kuuteremsha mche bila udongo wake kumeguka, kwa sababu bogonvilia haipendi kabisa mizizi yake kuguswa. Nawe hutaigusa. Mizizi itazunguka humo ndani miezi kadhaa mpaka mmea udumae, lakini wakati huo picha zitakuwa zimeshazunguka kwenye magrupu yote ya familia. Mmea ukifa, sema udongo wa huku una chumvi. Dar es Salaam hakuna atakayekubishia.

3. Shimo lichimbwe pale jembe linapoingia.

Bwana shamba atataka shimo pana, hatua moja au mbili kutoka ukutani, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Sababu anayo. Chini ya ukuta mpya kumejaa kifusi na saruji iliyomwagika, na saruji huutia udongo chokaa. Hapo mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo, majani yakageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kuzoa kifusi chote hicho kunachosha. Panda papo hapo, na mgeni akiuliza mbona majani ni ya njano, mwambie ni aina adimu. Bogonvilia za majani yenye mabaka zipo kweli, kwa hiyo uongo wenyewe ni wa nusu tu.

4. Usifunge chochote.

Watu hudhani bogonvilia inajipandia. Haina vikono vya kushikia kama pesheni. Huegemea tu, ikajishikiza kwa miiba. Mwenye bidii hupigilia misumari, akavuta waya ukutani, kisha akafunga matawi kwa vitambaa laini visivyokata gome. Wewe iache iangukie inakotaka, na kwa kawaida itataka kwa jirani. Maua yatakuwa yako, kufagia kutakuwa kwake. Akija kulalamika, muwahi kwa “Shikamoo mzee.” Lalamiko lililotanguliwa na “marahaba” huwa limeshapoteza nusu ya nguvu zake.

5. Maji.

Hapa, mwenzangu, uvivu wako unalipwa. Bogonvilia ikishashika mizizi hupenda jua la kutwa nzima, na hutoa maua mengi zaidi ikionja kiu. Maji kila siku na mbolea ya urea vitakupa majani mabichi matele, maua hakuna. Mwangalie yule bwana wa nyumba ya tatu anayesimama na mpira kila jioni: ana kichaka. Wewe uliyesahau tangu mvua za masika una ukuta wa zambarau. Asijue kwamba ulisahau. Sema unaitesa kwa mpango.

6. Jitayarishie maneno mawili ya kitaalamu.

La kwanza: zile rangi ni majani, ua lenyewe ni kile kijeupe kidogo cha katikati. Chuma moja, umfungulie mgeni aone. Atanyamaza.

La pili ni historia. Philibert Commerson, bingwa wa mimea aliyesafiri katika msafara wa nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliikuta Brazili mwaka 1767, ikapewa jina la nahodha. Msaidizi wa Commerson, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume, maana meli za jeshi la Ufaransa hazikuruhusu wanawake. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Sisi tunaofunika ukuta tu hatuna haja ya kuona haya.

7. Ukilazimishwa kupanda matunda.

Mwenzi wako akishikilia pesheni, kubali, ila panda mche mmoja tu. Pesheni ya zambarau inataka baridi ya milimani. Ya njano inastahimili joto la pwani, lakini ua lake halijichavushi, linahitaji chavua ya mche mwingine usio wa asili moja nalo. Peke yake itakupa majani tele bila tunda. Ukuta umefunikwa, na watoto wa mtaa hawana cha kupiga mawe.

8. Gawa vipandikizi.

Ukikata matawi usiyatupe. Wape wageni, na uwaeleze kwa sura nzito kwamba huu mmea “unataka mkono.” Vipandikizi vya bogonvilia huchelewa kutoa mizizi, na vingi hukauka. Mgeni akirudi na habari za msiba, muulize kwa upole kama alimwagilia. Akisema ndiyo, mwambie alizidisha. Akisema hapana, mwambie ndiyo maana. Cha pili muuzie.