Na Mimi Nipeni Sheria za Gorila

Ukitaka kumwona gorila wa mbuga ya Kahuzi-Biega, sheria zinakusubiri kwenye kituo cha Tshivanga kabla hujafunga kamba za buti. Kundi lisizidi watu wanane. Mnakaa naye saa moja, kisha mnashuka. Msimsogelee chini ya mita saba. Mwenye mafua anabaki kituoni, na mtoto wa chini ya miaka 15 hali kadhalika. Barakoa usoni, kumlisha hapana, kumgusa hapana, hata kama yeye mwenyewe amejileta. Na kabla ya yote hayo mnatoa pesa: kabla ya vita vya 2025 bei ilikuwa dola 400 kwa kichwa. Ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa majirani zetu wa Rwanda, tangu 2017 ni dola 1,500.

Mimi ni mkaaji wa Mumosho, kusini ya Bukavu, na mimi pia nimetembelewa. Wageni walikuja basi zima. Walikaa kutwa, wakarudi kesho yake. Mmoja alipiga chafya katikati ya wajukuu wangu, kisha akawaomba radhi kwa Kiingereza, kana kwamba mafua nayo yanasikia lugha. Wote walinigusa. Malipo: sifuri. Fanta nilinunua mimi.

Safari yao ilikuwa imepangwa vizuri, hilo siwanyimi: alfajiri yoga, mchana kujitolea kijijini, mwishoni gorila. Mtindo wenyewe haukuzaliwa kwetu. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanzishwa 2007. Mwaka mmoja kabla yake, Mmarekani Paige Elenson alikuwa Kenya na familia yake kutazama wanyama, akawaona vijana wa sarakasi wamesimama kwa mikono, miguu juu; naye akaenda akasimama nao. Mambo yakaanzia hapo. Vijana wa mitaa ya Nairobi wakafundishwa kuwa walimu wa yoga, na wageni wakaanza kuja kwa makundi kufanya mazoezi, kuhudumia watu na kutembea mbugani. Huko sina neno. Huko kijana wa Kenya ndiye mwalimu, na mgeni ndiye anayeanguka. Sisi Mumosho tulipangiwa kazi nyingine: tulipangiwa kazi ya kusaidiwa.

Na kusaidiwa, ndugu msomaji, kunachosha kuliko kulima.

Gorila huzoezwa watu polepole. Adrien Deschryver, yule Mbelgiji aliyeisimamia mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa 1970, aliwafuata msituni kwa subira mpaka wakakubali kuonekana, na hadi leo kulizoeza kundi moja huchukua miaka. Sisi tulizoezwa Jumapili moja, kwenye matangazo ya baada ya misa, kati ya ndoa ya watu wawili na mbuzi wa mtu mmoja aliyepotea. Tukaambiwa wageni wanakuja kutusaidia, kwa hiyo ichaguliwe komite. Ikachaguliwa: rais, makamu wa rais, mwandishi, mtunza hazina asiye na hazina, na washauri. Mimi nikapewa protokole, kwa sababu nina koti.

Tukafyeka njia. Tukaziba mashimo ya barabara ili basi la wasaidizi lisikwame, maana wasaidizi wakikwama atawasaidia nani? Tukachimba choo kipya. Wamama wakakanda upya ukuta wa jengo la mikutano, siku nne kabla ya wageni kuja kukanda ukuta wa jengo la mikutano. Ilionekana ni aibu kuwapokea na ukuta umebomoka. Walipofika ikabidi tubomoe kipande kidogo ili wasikose kazi. Kipande hicho walikikanda kwa moyo wote, wakapiga picha, na kilidumu mpaka mvua.

Alfajiri ya kwanza walitandika mikeka yao ya rangi kwenye uwanja wa mpira, wakaelekea mashariki. Saa hiyo njia ile ndiyo njia kuu yetu. Kuna wamama wanaokwenda shamba na mtoto mgongoni, kuna wasichana wa bidoni, kuna wauza mkaa wanaowahi soko la Panzi. Msururu wote ukasimama kutazama watu wazima waliokaa na kufumba macho kumekucha. Watoto hawakuhitaji mwalimu: dakika tano tu walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja pembeni ya uwanja, na hawakutikisika, wakati yule bwana mrefu wa mstari wa mbele aliangukia mkeka wa jirani yake.

Katekista akaja mbio. Alikuwa amesikia kuna watu wanainama kuliabudu jua. Kijana mfasiri, mwanafunzi kutoka mjini, akamtuliza: hapana, ni mazoezi tu, hata Umoja wa Mataifa umeyapa siku yake, tarehe 21 Juni. Katekista akamwangalia kwa huruma. Akasema Umoja wa Mataifa tumeishi nao hapa Kongo tangu 1999 na magari yao meupe, amani tunaisikia kwa redio; sasa wameona watuletee kukunja miguu?

Mfasiri akaendelea kutafsiri. Mwalimu alikuwa anawaambia wasikilize maji ya Ruzizi, waache mawazo yote yachukuliwe na mto. Mimi nami nikasikiliza. Maji yale yanazungusha mitambo ya Ruzizi II, bwawa lililo hapahapa kwetu, ambalo tangu 1989 umeme wake unagawanywa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Nyumbani kwangu tunawasha taa ya sola ya kichina. Mama mmoja wa kundi lao aliiona akafurahi sana, akasema tumejaliwa kuishi maisha ya kawaida, bila kelele za dunia. Nikatamani kumjibu kwamba kelele zipo, zinapita juu ya paa langu kwenye waya mnene. Lakini protokole haibishani.

Ikaja zamu ya picha. Mimi nilikuwa tayari tangu saa kumi na moja. Koti la bluu, shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa, tai, viatu vilivyong'aa hadi mbuzi akajiangalia. Sisi Wakongo tunajulikana: tunaweza kulala njaa, lakini mgeni hatumpokei na shati lililokunjamana. Mke wangu alitoa kikwembe ambacho hakijavaliwa tangu harusi ya binti yetu. Mpiga picha akatutazama, akakuna kichwa, akamnong'oneza mfasiri.

"Mzee," kijana akaniambia, macho chini, "anauliza kama hauna zingine nguo. Zenye unavalaka mu shamba."

Gorila hajawahi kuulizwa swali hilo.

Chakula nacho kilikuwa na mambo yake. Komite ilikuwa imenifikishia jogoo wa heshima, na mke wangu alikuwa ameamka usiku kupika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na vidagaa vya sambaza. Maji yanachemka, kisu kimenolewa, mfasiri anatokea kusema wageni hawali nyama. Wala samaki. Wala mayai, wala maziwa, wala chochote chenye mama.

"Kumbe! Sasa huyu kuku njo ataenda wapi?" mke wangu akauliza.

Jogoo alirudi uani akawika. Lakini sombe ilikuwa tayari, na sambaza wa Ziwa Kivu, mnaowajua, hawazidi kidole. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, chungu katikati ya magoti, kijiko mkononi, akawatoa mmoja mmoja. Akimpata mzima anamweka kwenye sahani. Akipata kichwa peke yake anaguna, anaanza kutafuta kiwiliwili. Nje, wageni walikuwa wanafundishana kushusha pumzi. Mwanamke pekee aliyehitaji kushusha pumzi siku ile alikuwa jikoni na hakualikwa.

Walikula bugali na majani wakasifu. Mmoja akauliza kama sisi hapa hatuli nyama kwa imani. Nikamwambia hatuli kwa bei.

Baada ya kula wakataka kazi. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwahi kukutana na mgeni anayelidai jembe siku ya kwanza, tena analipigia magoti. Nikawapa. Nilikuwa na kipande cha maharagi, yamechipua vizuri, yanangoja palizi. Nikawaonyesha kwa kidole: hili ni haragi, hili ni gugu. Wakaitikia wote. Wakalima wakiimba, mgongo umenyooka kama walivyofundishwa alfajiri, na jua lilipotua shamba lilikuwa safi. Magugu yalibaki yamesimama kwa mstari, yamepaliliwa vizuri kabisa. Yule bwana mrefu akanikumbatia, analia, ana malengelenge viganjani. Akaniambia kupitia mfasiri kwamba leo amejua maana ya maisha. Nikamshukuru. Hotuba ya shukrani nilikuwa nimeiandika kurasa tatu, nikaisoma yote, na nilipoinua macho nusu yao walikuwa wanatazama simu.

Hiyo ndiyo kazi ninayoisema. Anayesaidia anachagua siku, anachagua kazi, anachoka anapotaka. Anayesaidiwa haruhusiwi kuchoka. Akikunja uso, hana shukrani. Akivaa koti, si maskini wa kutosha. Akisema alichokuwa anahitaji, ameharibu programu. Komite ilikuwa na hitaji moja tu, la bomba la maji kutoka kilimani, na tulilitaja. Likaandikwa kwenye daftari, likapigiwa mstari chini yake.

Siku ya mwisho wakaenda Kahuzi-Biega, na jioni wakapita kutuaga. Wote macho mekundu. Nikadhani kuna msiba. Hapana: walikuwa wamemwona dume mwenye mgongo wa fedha. Mfasiri akatueleza aliyoyafanya mheshimiwa huyo. Alikuwa anakula majani. Aliwatazama mara moja. Kisha akawageuzia mgongo, akaendelea kula mpaka saa yao ikaisha, wakatolewa. Kila mmoja akasema ndiyo saa bora ya safari nzima.

Hebu fikirieni. Hakuvaa tai. Hakuchimba choo. Hakumpikia mtu, hakusoma hotuba, hakuingia komite yoyote. Aliwapa mgongo, wakamlilia, na dola 400 kila mmoja. Mimi niliwapa uso, jogoo na maharagi.

Najua mtaniambia gorila wale wako hatarini, na ni kweli. Aina yao haipatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. UNESCO iliiweka mbuga yao kwenye orodha ya urithi wa dunia 1980, na 1997 ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nami sisahau walioulipia ulinzi huo. Watwa, wenyeji wa msitu ule, walifukuzwa miaka ya 1970 ili mnyama akae kwa raha, na ilibidi wangoje hadi Julai 2024 kusikia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo niandikieni vizuri: sitaki msitu wa mtu. Nataka sheria tu, zile za mita na za mafua.

Sasa hivi, kwa kweli, mimi na gorila tumelingana. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Kavumu na kisha Bukavu, uwanja wa ndege ukafungwa na basi la mikeka halijaonekana tena. Lakini najua watu wale. Siku amani ikirudi, yoga itakuwa kwenye gari linalofuata. Ndiyo maana nimeziandika sheria zangu mapema, na komite, au wajumbe wake waliobaki, imezipitisha.

Moja: wageni wanane, saa moja. Mbili: mwenye mafua abaki Panzi, hospitali ipo. Tatu: mpiga picha atapiga nilichovaa. Nne: kabla ya kukanda ukuta, lifunguliwe daftari lile la zamani kwenye ukurasa wenye mstari. Tano: ada. Sidai 400, najijua. Nilipendekeza dola kumi. Mke wangu akasema tano ni za mpishi, na kwamba zile mita saba zinanihusu na mimi pia, kuanzia mlango wa jiko lake. Nikamwuliza ni sheria ya nani hiyo. Akasema ya gorila jike.

Sita, na ya mwisho: jembe ni siku ya tatu, kama wahenga walivyoagiza. Watalikuta limenolewa, limepangwa pale pale mlangoni. Watalima shamba la shemeji yangu, ambaye hadi leo hajanirudishia mbegu zangu.