Pick, Kitenzi cha Kericho

Mwingereza ana kitenzi kimoja, pick, kinachofanya kazi za watu kumi. Anayepokea simu, anayeibia abiria mfukoni, anayetafuta ugomvi baa, anayechagua mbunge: wote ni pick. Na mama wa Kericho, kikapu mgongoni, anayekata majani mawili na chipukizi na kulipwa kwa kilo, pick vilevile.

Siku hizi mashine nayo hu-pick, tena haiumwi mgongo wala haijiungi na chama cha wafanyakazi. Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walizichoma moto mashine hizo.

Kiswahili nacho si haba: kuchuma majani, kuchuma mali. Kule Bomet, kaunti jirani ya Kericho, kuchuma majani hufanyika kila asubuhi. Kuchuma mali hungoja bonasi ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ambayo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya mkulima wa Mlima Kenya.