Jinsi ya Kumtafuta Babu Yako Bila Kudaiwa Kodi Yake

Kabla hujanunua daftari, tafuta uongo wa kuwaambia majirani. Hapa Ipagala, Dodoma, mtu akianza kuuliza babu yake alilima wapi, shamba liliishia kwenye mti gani na nani alipakana naye upande wa Swaswa, hakuna anayesikia historia. Wanasikia kiwanja. Wala huwezi kuwalaumu. Tangu mwaka 1973, serikali ilipoamua kuhamishia makao makuu Dodoma na kuunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wazee wengine huitaja kwa sauti wanayotajia ukame, mashamba ya uwele yamekuwa yakilala mashamba na kuamka viwanja. CDA ilivunjwa mwaka 2017, lakini bikoni hazina habari kwamba imevunjwa. Mimi niliwaambia naandika kitabu. Walinihurumia, wakanipa kiti.

Sasa waige Waingereza. Mwingereza anayetaka kujua asili yake anaketi nyumbani na chai yake, anafungua sensa ya 1921, iliyofungiwa miaka 100 na kuachiwa Januari 2022, na humo anamkuta babu mzima: jina, umri, kazi, mwajiri, mke, watoto, hata mpangaji. Usimwonee wivu. Na sisi tulihesabiwa mwaka huo huo wa 1921, na serikali hiyo hiyo. Tofauti ni ndogo tu: kule waliandika majina, huku waliandika jumla. Hebu jiweke mahali pa jumbe. Bwana mkubwa amekuja kuuliza una watu wangapi, na wewe unajua kwamba aliyeuliza swali hilo mara ya mwisho alirudi kukusanya kodi. Utataja idadi yenye huruma.

Ikaja 1928, ikaja 1931, ikaja 1948, ikaja 1957. Fungua majedwali, tafuta mstari wa Wagogo, teremsha kidole polepole hadi mwisho wa tarakimu. Babu yako yumo. Ni yule mmoja wa mwisho kabisa kulia. Ukimwondoa, jumla haitimii. Sensa za baada ya Uhuru, kuanzia 1967 hadi ya 2022, ni nyingine: hizo zinakuja mlangoni na kukuuliza kwa adabu, kisha sheria inazifunga taarifa za mtu mmoja mmoja, kinachotoka ni jumla. Makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yako hapa hapa Dodoma, si mbali kwa bodaboda. Itakuambia kwamba mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 3,085,625. Yupi kati yao ni shangazi yako, hiyo ni kazi yako.

Basi kimbilia magazeti. Hapa nina habari njema: Ugogo ulipata mwandishi wa habari kutoka Marekani kabla Dodoma haijawa mji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, alikatiza nchi yetu akilalamika njia nzima. Kisa chake kilikuwa hongo. Zama hizo hongo haikuwa jambo la kunong'onezana. Ulikuwa ushuru wa wazi, mchana kweupe, watemi wa Ugogo wakiitoza misafara vitambaa, shanga na waya, kwa sababu nchi ni kavu na visima vina wenyewe. Stanley alihesabu doti zake za kitambaa kwa uchungu, na mimi nilimsoma kwa raha ambayo sijawahi kuipata katika maandishi ya mtu mwingine yeyote. Hakumtaja wa kwetu hata mmoja, lakini nina imani kwamba doti moja mbili zilifika. Miaka 27 baadaye, mwaka 1898, Mjerumani akaanza kutoza kodi ya nyumba. Safari hii msafara tukawa sisi.

Ukifika enzi za Mwingereza, chukua Mambo Leo, lililoanza 1923 chini ya idara ya elimu. Ni gazeti tamu: mashairi, mawaidha, barua za wasomaji, habari za kila pembe ya Tanganyika. Ila lijue tabia yake. Mwalimu ana jina. Karani ana jina. Mtemi ana jina, na siku nyingine ana picha. Mkulima huandikwa kwa wingi. Yeye ni "Wagogo", na Wagogo gazetini wana shughuli mbili tu: ama wana njaa, ama wanaambiwa wapunguze ng'ombe. Ili babu apate jina lake peke yake, ilibidi amuue simba, auawe na simba, au apelekwe barazani kwa kesi. Kama ukoo wenu ulikuwa wa watu wapole, pole sana.

Mwaka 1947 magazeti ya Uingereza yalihamia Kongwa pamoja na mradi wa karanga. Kila kitu kiliandikwa: matrekta, mibuyu iliyogoma kung'oka, udongo ambao kiangazi unakauka kama saruji, jambo ambalo mtoto yeyote wa Kongwa angewaambia bure. Januari 1951 mradi ulizikwa, na kaburi lake lilikuwa limekwisha kula kiasi cha pauni milioni 36. Babu yangu mdogo alifanya kazi pale. Kwenye gazeti yumo, pichani, nyuma ya trekta. Au tuseme kuna mgongo unaofanana na wa kwetu. Mwaka 1971 waandishi wakarudi tena, safari hii kwa Operesheni Dodoma, watu wakihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na Mwalimu Nyerere mwenyewe akifyatua matofali Chamwino. Soma siku nzima ukitafuta nyumba yenu ilibomolewa lini. Utajifunza mengi kuhusu matofali.

Jambo la tahajia nalo lisikupite. Chukua jina kama Chilongani. Mjerumani, ambaye "ch" yetu huiandika kwa herufi nne, atamwita Tschilongani. Mwingereza aliyeambiwa kwamba Chigogo ni Kigogo atalisahihisha liwe Kilongani. Karani aliyetoka pwani atasikia anachotaka kusikia. Kwa hiyo babu mmoja amekwisha kuwa wanaume watatu, na ukiwa mtafiti mwenye bidii utawatengenezea mti wa ukoo na kuwaozesha.

Sasa nyaraka. Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kule Upanga, Dar es Salaam, wanatunza vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika nasaba za watemi, mila na mipaka. Beba penseli, kalamu ya wino haiingii. Beba subira. Katika ofisi nyingine, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado naihitaji, niliwasilisha barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye mhuri na saini na mhuri mwingine juu ya saini. Dada wa mapokezi aliisoma mara mbili.

"Babu alikuwa mtumishi wa serikali?"

"Alikuwa mkulima."

"Basi hana faili, kaka yangu." Akafikiri kidogo, maana alikuwa na roho nzuri. "Alikuwa na ng'ombe?"

"Alikuwa nao."

"Jaribu mifugo."

Nikajaribu mifugo. Faili likaja limefungwa kwa kamba ya katani, mchwa wameanza kulisoma kutokea chini. Ndani mlikuwa na karatasi ya chanjo ya kijiji kimoja jirani na kwetu. Fahali wangapi, majike wangapi, mitamba mingapi, ndama waliokuwa bado wananyonya, na pembeni maelezo kwa mkono mzuri wa karani: huyu anachechemea, huyu jicho moja limefunga. Nikapitia majedwali ya sensa ya miaka ileile nikitafuta mtu yeyote aliyechechemea. Hakuna.

Ukirudi nyumbani umechoka, uliza kama kuna bati. Kila familia ina bati, liwe la biskuti au la kakao, chini ya kitanda cha mtu asiyependa kuulizwa. La kwetu liko kwa bibi. Nilimkuta anapepeta karanga kwenye ungo.

"Mbukwenyi, bibi."

"Mume wangu umekuja. Umeleta sukari au umeleta maswali?"

Nilikuwa nimeleta vyote, nikatanguliza sukari. Bati likafunguka. Kadi ya TANU, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, na chini kabisa, vimefungwa kwa uzi, vipande vya stakabadhi za kodi ya kichwa, rangi ya chai. Picha ya harusi ya babu haipo. Ilinyeshewa zamani tembe lilipovuja. Stakabadhi haikulowa hata moja. Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayeelekezwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Picha ikipotea nani atakukamata njiani? Kipande kikipotea, babu yako angelipa mara ya pili au angelala mahabusu. Kwa hiyo, ewe mtafiti, ninachokijua kwa uhakika wa maandishi kuhusu mume wa bibi yangu ni miaka aliyolipa, na jina lake lilivyokosewa mwaka hadi mwaka na mkono uleule.

Yanayobaki uliza kwa mdomo, na usiulize jina. Uliza mbeyu, yaani ukoo, na uliza muzilo, yaani mwiko wa ukoo huo, kitu msichokula au msichogusa. Jina la mtu karani huligeuza, mwiko hajawahi kuuweza. Kisha tafuta kitabu cha Mathias Mnyampala, mtoto wa Ihumwa, kilichotoka mwaka 1954, kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Keti kabla ya kukisoma. Koo zetu nyingi zimetoka mahali pengine, na si ajabu ukagundua kwamba ninyi mnaowatania Wahehe kila msibani ni Wahehe waliochelewa kurudi. Nilipomwambia baba mdogo, alisema kitabu kina makosa ya uchapaji.

Halafu utafika kwenye Mtunya, ile njaa kuu. Kila anayefuatilia ukoo wa Ugogo hufika hapo, na hapo utani wangu huniishia. Vita ya kwanza, Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe. Waingereza wakaingia Dodoma Julai 1916 wakachukua waliobaki. Wanaume wakabebeshwa mizigo ya jeshi, mvua ikakata. Hadi 1920 makadirio ya waliokufa wilayani yalifika watu 30,000. Watu walitawanyika wakitafuta chakula, na wapo waliowaacha watoto kwa wenye akiba ili wengine wapate nafaka ya kurudia nyumbani. Mama mkubwa wa bibi yangu aliachwa upande wa Kilosa. Alikuwa na umri wa kuchunga mbuzi. Sensa ya 1921 ilipopita, kule walimhesabu na wa kule, kama walimhesabu, na huku hakuna safu ya waliopungua.

Kwa hiyo nilikuwa na hamu sana Agosti 2022 karani wa sensa alipoingia uani, kijana nadhifu mwenye kizibao na kishikwambi. Bibi alimpa kigoda, akamwuliza mbeyu yake kabla hajaulizwa lolote. Kijana akasema yeye ni mtu wa Iringa. Bibi akamwambia anadaiwa kuku, wataongea baadaye.

Karani akaeleza kwamba anataka majina ya wote waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23. Bibi akataja. Mimi, mdogo wangu, watoto wawili, yeye mwenyewe. Kisha akataja jina ambalo nililijua kutoka kwenye daftari langu.

"Huyo ana umri gani, bibi?"

"Alizaliwa kabla ya Mtunya."

Kijana akapekua kalenda ya matukio waliyopewa kwa ajili ya wazee wasiojua mwaka, midomo ikihesabu. "Bibi, huyo atakuwa na miaka zaidi ya 110. Yu hai?"

"Hatujaletewa msiba."

"Alilala hapa?"

"Angelala wapi kwingine? Kwao ni hapa."

Kidole cha karani kikabaki hewani juu ya kioo. Alinitazama, nami nikatazama karanga. Sikuona kama aliandika au alifuta. Akateremka hadi maswali ya mwisho, akakohoa.

"Na mifugo, bibi. Kaya ina ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe?" Bibi akashangaa kabisa. "Mjini hapa? Mwanangu, sisi hatuna ng'ombe."

Nyuma ya nyumba dume likalia, kwa kirefu, kama lililoitwa.

"Huyo," bibi akasema, akirudi kwenye ungo wake, "ni wa jirani."