Sifa za Andazi Lililolala

Andazi la moto halihitaji wakili. Harufu yake ya iliki inavuka barabara yenyewe, na mteja anafika akiwa amekwisha kushindwa kesi. Mimi nasimama upande wa lile la jana, lililokosa mnunuzi, likalala kwenye kabati la vioo la mgahawa mmoja pale Kang'ata, wilayani Handeni, likaamka asubuhi limekauka uso na lina msimamo.

Msimamo ndiyo sifa yake ya kwanza. La moto ukilibonyeza kwa kidole, linabonyea. La jana linakataa. Tumewaona wakubwa wangapi waliobonyezwa kidogo tu wakabonyea?

Baba yetu, mkono wa birika asiyejificha, alilitambua hilo mapema. Alikuwa akituingiza mgahawani asubuhi, karai la kwanza likiwa bado halijaepuliwa, anasalimia, kisha anamgeukia mama mwenye mgahawa, ambaye kwa utani alimwita shemeji.

"Shemeji, wazee wamelala wangapi?"

"Wanne, na mmoja mgonjwa."

Mgonjwa ni lile lililovunjika, na huyo alikuwa wa bure. Wazee walienda wawili kwa bei ya kijana mmoja. Tukapanga mstari kwenye benchi, bibi katikati, chai ya rangi yenye mchaichai ikamiminwa kwenye glasi, na kazi ikaanza.

Nasema kazi kwa sababu andazi lililolala haliliwi papo kwa papo. Unalichovya, unasubiri. Bibi, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemuaga zamani, alisubiri kuliko wote, na muda wote wa kusubiri alisimulia: nani alimwoa nani, shamba lipi liligombewa, mvua ipi ilidanganya watu wakapanda mapema. Ukoo wetu wote niliujua kwa njia hiyo, kipande baada ya kipande. Kwa maandazi ya moto tungeshiba kabla bibi hajafika kwa babu yake. Waliochelewa kuchomoa walikiona kipande kikizama, na mashapo yale matamu chini ya glasi yalileta ugomvi wa kijiko kati yangu na dada yangu ambao mpaka leo haujapata msuluhishi.

Kukauka kwake nako si uzembe. Wanga wa ngano ukishaiva na kupoa hujipanga upya taratibu na kukaza, hata maji yasipopotea. Baridi ya jokofu huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo andazi la mwenye jokofu huzeeka upesi kuliko la Kang'ata lililofunikwa kitambaa tu. Joto hulirudishia ulaini kwa muda, na hapo ndipo chai inapopata heshima yake.

Tukumbuke pia safari lililotoka. Handeni ni nchi ya mahindi. Ngano hupenda nyanda za baridi, kama Basotu kule Hanang, ambako mashamba makubwa yaliendeshwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula huletwa kwa meli. Bibi aliishi ile miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na unga vikitafutwa kwa foleni, na mwaka 1983 serikali ikiwasaka walanguzi waliovificha. Mtu wa aina hiyo humwelezi kwamba andazi litupwe kwa kosa la kulala.

Wachimbaji wa dhahabu waliokwenda Magambazi, katika kata hiyohiyo ya Kang'ata, nao walilithamini. La moto likikaa mfukoni huacha doa la mafuta na kugeuka bonge. La jana hutoka vilevile lilivyoingia.

Maadui zake husema linaleta kiungulia. Kweli, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kusinzia kwenye mahubiri baada ya kulila. Husema linavunja meno. Meno yaliyovunjika yalikuwa na mpango huo siku nyingi. Husema nzi hulitembelea. Nzi mwenyewe alikwisha kutungiwa sifa na Lucian wa Samosata katika karne ya 2, akasifiwa mpaka mabawa. Akitua juu ya kioo cha lile kabati, ni mheshimiwa anayemtembelea mwenzake ambaye bado hajapata mwandishi.

Siku hizi vijana wanapenda chipsi mayai. Sina ugomvi na zege, ila halichovywi popote, huliwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye simu, na hakuna bibi anayeweza kufika hata kwa mjomba wake kabla sahani haijaisha.

Basi nina ombi kwa akina mama wa migahawa ya Kang'ata, Mkata na Korogwe, hasa wale wenye tabia ya kulirudisha andazi la jana kwenye mafuta alfajiri na kuliuza kama lililozaliwa leo. Msifanye hivyo. Liacheni lilale, na bei yake ilale nalo.